HISTORIA: NI NINI KINACHOSUKUMA MSHALE? Waislamu na elimu ya kani



Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Kijana anapiga mpira uwanjani. Mguu umeshauacha mpira, na mpira uko hewani unakwenda zake. Je, wakati huo ni nini kinachousukuma mbele?

Waulize vijana kumi pale mtaani baada ya Alasiri. Wengi watakujibu, "Kwani huoni? Ni ile nguvu ya teke!" Jibu hilo linaingia akilini vizuri, na mwanafunzi akiliandika katika mtihani wa fizikia anakosa alama. Halafu anarudi nyumbani na kusema fizikia ni ngumu, ni ya wenye vichwa vyao, yeye atachukua baiolojia na kemia basi. Katika mfumo wa 8-4-4 mambo ya kani yalianza kidato cha kwanza, na ilipofika wakati wa kuchagua masomo ndipo wengi walipoiaga fizikia. Katika mtaala huu mpya wa umilisi, kani na nishati zimo ndani ya Sayansi Jumuishi tangu gredi ya saba, kwa hivyo sasa hakuna wa kulikwepa swali hili.

Lakini nataka kuwaambia vijana jambo ambalo vitabu vya shule haviwaambii. Jibu la "nguvu ya teke" si la mjinga. Wanafalsafa wakubwa walikuwa nalo kwa mamia ya miaka, na katika kulihangaikia waliingia Waislamu wa Bukhara, Hamadan, Baghdad, Marw na Andalusia. Mwenye kuijua historia hiyo huona kwamba amekwama mahali ambapo Ibn Sina naye alisimama akafikiri.

Kwanza tuweke sawa maneno. Sisi kwa Kiswahili tunasema "nguvu" kwa kila kitu. Mwenye misuli ana nguvu, mwenye cheo ana nguvu, chai ya rangi ina nguvu, jenereta ina nguvu, na dua ina nguvu. Fizikia haiwezi kufanya kazi na neno pana namna hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipotoa kamusi yao ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, walilichukua neno la zamani "kani". Mswahili husema fulani ameshika kani, yaani amekaza na hataki kuachia. Kwa mwanafizikia kani ni kitendo cha kusukuma au kuvuta kinachotoka kwa kitu kimoja kwenda kwa kingine. Hukaa baina ya viwili, kama vile deni linavyohitaji mdai na mdaiwa. Mguu ukiwa umegusa mpira kuna kani. Mguu ukiondoka, kani ya mguu imekwisha pale pale, na mpira hauibebi kama mtu anavyobeba kifurushi.

Na athari za kani ni zipi? Kitu kilichotulia huanza kwenda, kinachokwenda huongeza au kupunguza mwendo au hugeuza upande, na kitu kikibanwa hubadilika umbo. Mwenye mkokoteni wa punda sokoni Isiolo anazijua zote kabla ya chai ya saa nne. Anajua mzigo ukiwa mzito punda huhangaika kuuanzisha kuliko kuuendeleza. Anajua kwenye mchanga gurudumu hushikwa na kwenye lami huteleza. Akilegeza nati kwa kishikio kifupi anaishia kutoa jasho, na akitia kipande cha bomba ili kukirefusha, nati inakubali. Hilo la mwisho waalimu huliita athari ya kani ya kuzungusha. Mambo ya wenzo na mizani ya mkono mrefu yaliandikiwa kitabu Baghdad katika karne ya 9 na Thabit ibn Qurra, mtu wa Harran, aliyefariki 901. Yeye alikuwa Msabai, si Mwislamu, lakini alisoma na kufanya kazi pamoja na wale ndugu watatu mashuhuri, Banu Musa, waliojulikana kwa kitabu chao cha vyombo vya ajabu.

Turudi kwenye mpira. Mgiriki Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Nabii Isa (A.S.), aligawa mwendo mafungu mawili. Upo mwendo wa tabia, kama jiwe kurudi chini na moshi kupanda. Na upo mwendo wa kulazimishwa, kama mshale. Wa kulazimishwa unahitaji msukumaji wakati wote; akiacha, mwendo unaisha. Sasa mshale je, uzi wa upinde ukishauachia? Akasema ni hewa. Uzi huisukuma hewa pia, na hewa hiyo ndiyo inayoendelea kuusukuma mshale.

Usicheke. Tazama mkokoteni. Punda akisimama, nao unasimama. Kila tunachokiona hapa duniani kikiachwa husimama. Aristotle alisema yale ambayo macho yanaona, na kosa lake ni kwamba hakuuhesabu msuguano kama mmoja wa wasukumaji, yule anayesukuma kinyume bila kuonekana.

Wa kwanza kumbana vizuri alikuwa Mkristo wa Iskandaria, katika karne ya 6, kabla Mtume (S.A.W.) hajapewa utume. Kwa Kiarabu anaitwa Yahya al-Nahwi. Alisema, kama ni hewa inayosukuma, basi tusihangaike na upinde, tupepee tu hewa nyuma ya mshale tuone kama utakwenda! Yeye akaona kwamba mrushaji hukitia kitu nguvu fulani ndani yake, na nguvu hiyo hupungua hadi kwisha. Akasema pia kwamba ukiangusha mawe mawili, moja zito mara nyingi kuliko la pili, tofauti ya kufika chini ni ndogo sana. Wengi wanadhani jambo hilo lilisemwa kwanza na Galileo, miaka elfu moja baadaye.

Vitabu vya Aristotle vilitafsiriwa Baghdad katika zama za Bani Abbas, na aliyetafsiri kile cha maumbile ya vitu, Ishaq ibn Hunayn, alikuwa Mkristo pia. Nayasema haya makusudi. Ukiona makala inasema kila kitu kilianzia kwetu, jua mwandishi hajasoma walivyoandika hao mashekhe wenyewe. Wao waliwataja kwa majina watu waliowafunza, wakiwemo wasiokuwa wa dini yao.

Sasa tumfikie Abu Ali ibn Sina. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na akafariki Hamadan 1037. Watu wengi humjua kama daktari. Maisha yake hayakuwa ya kukaa maktabani kwa starehe. Alikimbia mji hadi mji, Hamadan alikuwa waziri mchana na msomeshaji usiku, na kuna wakati alifungwa ngomeni. Katika hali hiyo ndiyo aliandika kitabu kikubwa, al-Shifa, ambacho jina lake linasikika kama la tiba lakini ndani yake kuna mantiki, hesabu, na maumbile ya vitu.

Ibn Sina alisema kitu kinachorushwa hupewa kitu alichokiita "mayl", yaani mwelekeo au elemeo. Utaihisi ukijaribu kuuzuia mfuko uliojaa hewa chini ya maji, jinsi unavyokuelemea mkono kutaka kupanda, au jiwe unalolishikilia linavyotaka kushuka. Hadi hapo hakuenda mbali sana na Yahya. Lakini Yahya alisema nguvu ile hujiishia yenyewe. Ibn Sina akasema hapana, mayl haiishi yenyewe. Kinachoipunguza ni vizuizi vya nje, kama hewa inayopingana nayo. Kwa hiyo mahali pasipo na kitu chochote, pasipo hewa wala kizuizi, kitu kilichorushwa hakitasimama.

Msomaji, soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mwanafunzi wa shule akiiandika leo anapata alama zake zote. Lakini angalia Ibn Sina aliitumia kwa kazi gani. Hakuichukua kama habari ya ulimwengu ulivyo. Aliichukua kama hoja ya kuonyesha kwamba mahali patupu hapawezi kuwepo, kwa sababu, alivyoona yeye, mwendo usiokwisha wa kitu kilichorushwa ni muhali. Alifika mlangoni, akachungulia, akaufunga. Mimi humheshimu zaidi kwa hilo, maana alifuata hoja hadi mwisho wake hata pale mwisho wenyewe ulipomshangaza.

Andalusia alikuwepo Ibn Bajja, aliyefariki kama mwaka 1138, ambaye alisema kizuizi kama maji hukipunguzia kitu mwendo wake, na kwamba hata pasingekuwa na kizuizi kitu kingekwenda kwa kasi yenye kiwango. Maoni yake yalifika Ulaya kupitia sherehe za Ibn Rushd na wakabishana nayo karne kadhaa. Sikai hapo, maana wa Baghdad ana jambo kubwa zaidi.

Huyu ni Abu al-Barakat al-Baghdadi, wa karne ya 12, Myahudi aliyesilimu katika uzee wake. Kitabu chake kinaitwa al-Mu'tabar, yaani yaliyozingatiwa, kwa kuwa hakutaka kunakili ya wenziwe bila kuyapima. Aliuliza: kwa nini jiwe likianguka huongeza kasi kadiri linavyoshuka? Ukiangusha jiwe ndani ya kisima kirefu, kama vile visima vya wafugaji wa huku kwetu kaskazini ambavyo watu husimama ngazi kwa ngazi kupokezana maji, jiwe halishuki kwa mwendo mmoja. Akajibu kwamba ule uzito haukisukumi kitu mara moja ukaacha. Unaendelea kukitia mayl juu ya mayl kila nukta ya safari, nazo hujumlishana. Yaani kani isiyokoma huzaa mwendo unaoongezeka. Aristotle alikuwa amesema kani isiyobadilika huzaa mwendo usiobadilika. Tofauti ya sentensi hizo mbili inaonekana ndogo, ila hapo ndipo wanafunzi wetu hukwama hata wakiwa kidato cha tatu mbele ya zile kanuni za Newton.

Hapa pengine mzazi atauliza: mbona mnazungumza kana kwamba jiwe linaanguka lenyewe? Hakuna kinachosogea ila kwa idhini ya Allah. Swali hilo ni la haki, na wanavyuoni hawakulikimbia. Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, katika Tahafut al-Falasifa alisema kuungana kwa sababu na matokeo, kama moto na pamba kuungua, si lazima kwa dhati yake. Ni ada ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka, na akitaka huivunja. Lakini katika kitabu hicho hicho, mwanzoni, aliwaonya wale wanaodhani wanainusuru dini kwa kukanusha hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Alisema watu hao wanaidhuru dini, kwa sababu mwenye kuijua hesabu hiyo haishuku hesabu, ataishuku dini. Basi mwanafunzi anayeandika kanuni ya kani anaandika ile ada jinsi ilivyo, na imani yake haipungui kwa hilo.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Abd al-Rahman al-Khazini alikuwa mtumwa mwenye asili ya Rumi katika mji wa Marw, ambao leo uko Turkmenistan. Bwana wake, mweka hazina, aliona ana akili akamsomesha hesabu na falsafa. Akawa mtu wa nyota na vipimo katika zama za Sultan Sanjar. Inasimuliwa kwamba alipelekewa zawadi ya dinari 1,000 akazirudisha, akasema anazo dinari 10, na dinari 3 zinamtosha mwaka mzima, kwa kuwa nyumbani kwake hana mtu ila paka.

Mwaka 1121 alikamilisha kitabu chake Mizan al-Hikma, yaani mizani ya hekima. Ni kitabu cha mizani mwanzo hadi mwisho: jinsi mhimili unavyokaa, kwa nini mkono mmoja hushuka, kwa nini kitu ndani ya maji huonekana chepesi. Alianza kwa kuieleza mizani kama chombo cha uadilifu. Sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin na Suratur Rahman katika tarawehe tunajua Allah alivyowakemea wanaopunja na alivyoitukuza mizani. Al-Khazini aliyachukulia maneno hayo kama kazi ya mikono: kama uadilifu uko katika mizani, basi mizani yenyewe iwe sahihi.

Na hatari ilikuwepo. Kabla yake, al-Isfizari alitengeneza mizani ya kugundua dhahabu na vito vya bandia kwa ajili ya hazina ya Sultani. Mweka hazina wa wakati huo akaogopa wizi wake utafichuka. Akaivunja vipande vipande, na mzee al-Isfizari, wanasema, alikufa kwa huzuni. Nani atasema fizikia haihusiani na ufisadi?

Al-Khazini akaifufua kazi hiyo na kuiboresha. Mizani yake ilikuwa na sahani tano, mojawapo ya kuzamishwa majini. Siri yake ni hii. Kila kitu kikizamishwa, maji hukisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Archimedes alilijua hilo, na al-Biruni alikuwa ameshapima vito na madini mengi kwa makini ya kustaajabisha. Sasa dhahabu safi ni nzito kama mara 19 kuliko maji ya ukubwa ule ule, na shaba nyeupe ya vyombo ni kama mara 8 na nusu tu. Kwa hiyo mkufu wa dhahabu safi wenye gramu 20 ukizamishwa, mizani itaonyesha umepungua gramu 1 hivi. Mkufu wa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, wenye gramu 20 zile zile, utapungua gramu 2 na zaidi. Macho yamedanganyika lakini maji hayakudanganyika. Katika msimu huu wa harusi baada ya Idd, wazee wanaotoa mahari wanaelewa ninachokisema.

Hapa lazima niseme neno ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Yako maandishi yanayozunguka, hata katika majarida ya Kiislamu kama hili, yanayodai al-Khazini aligundua uvutano kabla ya Newton. Ni kweli aliandika kwamba uzito wa kitu unategemea umbali wake na kitovu cha ulimwengu. Lakini alisema uzito huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali na kitovu. Newton alisema kinyume: ukitoka nje ya dunia na kuendelea kupanda, uvutano hupungua. Al-Khazini aliuliza swali kubwa na jibu lake halikusimama. Kumvika jibu la mtu mwingine si kumheshimu. Mtu aliyerudisha dinari elfu moja hahitaji tumuibie wengine ili aonekane tajiri. Isitoshe, kijana akimezeshwa chumvi ya namna hiyo, siku akiisoma historia vizuri chuoni ataanza kutilia shaka na yale ya kweli tuliyomwambia.

Basi Wazungu walileta nini? Paris, karne ya 14, Jean Buridan aliifikisha mbali fikra inayofanana na mayl ya Ibn Sina. Galileo, ambaye kitabu chake kikubwa cha mwendo kilitoka 1638, aliacha kubishana juu ya kwa nini, akaviringisha mipira kwenye ubao ulioinama na kupima. Na mwaka 1687 Isaac Newton akatoa Principia. Akauliza swali upya. Wengi waliotangulia waliuliza: ni nini kinachoendeleza mwendo? Newton akasema mwendo haudai maelezo. Kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa mstari ulionyooka na kasi ile ile, kama vile kilichotulia kinavyoendelea kutulia. Kinachodai maelezo ni badiliko. Ukiona kasi imeongezeka, imepungua, au upande umegeuka, hapo tafuta kani. Mayl ya ndani ya kitu ikawa haihitajiki tena. Ukakamavu huo wa kitu kung'ang'ania hali yake ndio unaoitwa inesha.

Kwa hivyo mpira ulio hewani hausukumwi mbele na chochote. Kuna kani mbili tu juu yake: uzito unaouvuta chini, na hewa inayoupinga.

Newton alipata pia msaada kutoka huku kwetu kwenye ikweta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini karibu na ikweta. Saa yake ya timazi, iliyokuwa sawa kabisa Paris, ikaanza kuchelewa dakika 2 na nusu kila siku. Wengi walidhani ni saa mbovu. Newton akaona sababu: dunia inazunguka na imetanuka kiunoni, kwa hiyo ikweta huvuta kidogo kuliko kaskazini. Isiolo iko kaskazini tu mwa ikweta, ambayo unaivuka pale Nanyuki ukienda Nairobi. Kani ya uvutano hapa ni kama Newton 9.78 kwa kila kilo, na katika ncha za dunia ni 9.83. Kijana mwenye tungamo la kilo 60 ana uzito wa karibu Newton 587 hapa, na huko kwenye barafu angekuwa na 590. Kilo zake ni zile zile, uzito ndio uliobadilika. Ukielewa hivyo umeshalimaliza lile swali la tofauti ya tungamo na uzito linalowatoa watu jasho kila mtihani.

Kuna mahali elimu hii inagusa uhai. Zamani lami ilikomea Isiolo, na kwenda Marsabit na Moyale ilikuwa safari ya lori juu ya mawe, mtu ameketi juu ya ng'ombe au magunia. Katika miaka ya 2010 lami ikafika hadi Moyale, alhamdulillah. Mwendo ukaongezeka, lakini desturi ya kupanda juu ya mzigo haijaisha. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kila aliye juu yake naye anakwenda kilomita 80 kwa saa. Breki zikikamatwa ghafla kwa ajili ya ngamia barabarani, breki hizo zimeshika magurudumu ya lori, hazikumshika yeye. Ataendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi kitu kimzuie, na kitu hicho ni lami. Piga hesabu: kasi hiyo ni mita 22 kwa sekunde, sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani jengo la orofa nane hivi.

Mkanda wa gari hufanya kazi moja tu, kumpa msafiri ile kani ya kumpunguzia mwendo pole pole, ikatawanyika kifuani na kiunoni badala ya kumpata kichwani kwa mpigo. Zile sheria za Waziri Michuki zilipoanza Februari 2004, mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 katika matatu, watu walilalamika ni usumbufu na gharama, na leo wapo wanaoupitisha mkanda begani askari wakionekana na kuuachia wakipita. Anayefanya hivyo anamdanganya askari. Inesha haina habari naye. Na kama wewe ni mzazi unayemkalisha mtoto mapajani kwenye kiti cha mbele ukidhani utamshika, hesabu inasema mikono yako haitaweza. Kwa kasi hiyo ya 80, mtoto wa kilo 10 akisimamishwa ndani ya moja ya kumi ya sekunde, inahitajika kani ya zaidi ya Newton 2,200. Hiyo ni sawa na kuinua magunia mawili na nusu ya mahindi ya kilo 90 kwa mara moja.

Kwa vijana walio madrasa na shule, siku moja baada ya Alasiri, wakati wa kungoja futari ambapo wengine huupoteza kwa karata, jaribuni kazi ya al-Khazini. Mwombeni mwalimu wa sayansi mizani ile ya springi iliyoandikwa Newton. Fungeni jiwe kwa uzi, mlipime likining'inia hewani, muandike. Kisha lizamisheni lote ndani ya ndoo bila kugusa chini wala kando, mpime tena. Tuseme mlisoma 10 hewani na 6 majini. Maji yamelisukuma jiwe juu kwa Newton 4. Gawanyeni 10 kwa 4, mpate 2.5: jiwe lenu ni zito mara 2 na nusu kuliko maji ya ukubwa wake. Mawe mengi ya kawaida huwa hapo hapo, baina ya 2 na nusu na 3. Kisha chukueni kipande cha chuma mrudie. Mkipata karibu na 8, mizani yenu ni nzima na mikono yenu imetulia. Mkipata 5, angalieni kama kuna mapovu ya hewa yaliyoshika chuma, au kama kamba mliyotumia ni nene, au kama kuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuiwahi futari.

Wallahu a'lam.